Cheti Peke Yake Hakirushi Ndege

Wengi hudhani rubani akiisha kupata cheti hana deni tena. Sivyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya cheti cha rubani asiyeruka kwa ujira hakina mwisho, lakini idhini ya kila aina ya ndege ina mwisho wake. Ile ya injini moja ya pistoni hudumu miaka 2. Na katika miezi 12 ya mwisho yampasa aruke saa 12, 6 kati yake akiwa nahodha, apae na kutua mara 12, na saa 1 iwe ya mafunzo pamoja na mwalimu. Basi aliyeruka sana mwaka wa kwanza, akakaa nyumbani wa pili, saa zile hazimfai kitu. Hana budi kupimwa na mtahini. Twaona ni haki, maana yuko abiria nyuma yake. Mwenye idhini ya injini mbili hupimwa kila mwaka, hata akiruka kila juma.