Mbona Tofali Zuri Hulia Kama Kengele?

Wachomaji matofali wa Arua na Koboko wanajua: tofali lililoiva, ukiligonga, hulia kama kengele. Udongo una oksidi kadhaa. Alumina peke yake haiyeyuki hadi joto lipite digrii 2,000, lakini oksidi zikichanganyika huyeyuka mapema. Kwa hiyo karibu digrii 1,000 sehemu ndogo hulainika kama kioo na kushikanisha chembe.

Viwandani, alumina huyeyushwa pamoja na zirkonia kwenye digrii 1,900 hivi. Zikipoa haraka hupangika tabaka nyembamba, na ufa hupata kizuizi kila hatua. Ndiyo siri ya mawe magumu ya kusagia chuma.

Basi tusizime tanuru mapema. Tofali lisiloiva hulainishwa na mvua, na ukuta huwaangukia wafanyakazi.