Serumu, aspirini na mtoto anayevuta pumzi nzito: kazi ya munganga Kathryn Maitland

Mtoto wa miaka mitatu anafikishwa lopitali usiku. Mwili unachemka, lakini mikono na miguu ni baridi. Anavuta pumzi ndefu na nzito sawa mtu aliyekimbia mlima. Mama anasema ni mapafu. Muuguzi anatafuta mshipa na kuweka serumu, na kila mtu ndani ya chumba anapata moyo kidogo, juu ya kuona kwamba sasa kitu kinafanyika.

Kwa miaka mingi, hapa mashariki ya Kongo na sehemu nyingi za Afrika, karibu hakuna aliyeuliza swali hili: serumu nyingi inayoingia haraka kwa mtoto wa namna hiyo, inamponya ama inamuua? Aliyeliuliza na kwenda kuhesabu ni Kathryn Maitland, munganga wa watoto kutoka Uingereza na profesa wa Imperial College ya London. Sehemu kubwa ya kazi yake ameifanya Kilifi, mji mdogo wa pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Pale, pembeni ya lopitali ya serikali, kuna kituo cha utafiti kilichoanza 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI ya Kenya na shirika la Wellcome la Uingereza. Kabla ya kufika huko alikuwa Vanuatu, visiwa vya bahari ya Pasifiki, akifuatilia malaria ya watoto na magonjwa ya damu ya kurithi.

Kwanza ieleweke juu ya nini mtoto wa malaria anapumua vile. Mara nyingi si mapafu. Malaria kali inaziba mishipa midogo na kuvunja damu, na hewa safi haifiki vizuri mwilini. Mwili unaanza kuchoma sukari bila hewa, na masalia yake ni asidi. Asidi ikizidi ndani ya damu, ubongo unaamuru kifua kifanye kazi zaidi ili kuitoa kwa njia ya pumzi. Kwa hiyo ile pumzi nzito ni alama ya damu iliyochafuka. Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Kevin Marsh, walionyesha uzito wa alama hiyo. Kati ya watoto 1844 waliolazwa na malaria, walikufa 64, na 54 kati ya hao walikuwa na shida ya kupumua, ama fahamu zimepungua, ama vyote viwili. Mama hahitaji mashine yoyote kuona alama hizo mbili.

Mwaka uliofuata, 1996, kundi la munganga Mike English, hapohapo Kilifi, likaleta jambo ambalo wengi walikuwa hawajalifikiria. Kumbe kwa watoto wengine asidi haikutoka kwa malaria peke yake. Wazazi wengi walikuwa wamempa mtoto aspirini nyumbani, na mara nyingi kupita kipimo. Kwa watoto kadhaa aspirini iliyokutwa katika damu ilifikia kiwango cha sumu. Hakuna mzazi aliyetaka kudhuru. Homa inapanda, unampa kidonge. Inapanda tena, unaongeza kingine. Siku ya pili ndugu mwingine anampa pia bila kujua. Aspirini inatoka mwilini polepole, na dozi zikifuatana inajilundika.

Ubaya wake ni kwamba sumu ya aspirini inafanana na malaria kali kama pacha. Inafanya mtoto apumue haraka na kwa kina, inaleta asidi, inashusha sukari, inavuruga fahamu. Munganga anayeona vijidudu vya malaria kwenye darubini atasema "ni malaria", na atakuwa amesema ukweli nusu. Ile nusu nyingine iko ndani ya mfuko wa mama, kwenye karatasi ya vidonge.

Jambo hili linawagusa wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika moja kwa moja, juu vidonge vinauzwa kimoja kimoja kwenye butike na sokoni, bila boksi wala karatasi ya maelezo. Kwenye boksi la Kifaransa aspirini inaweza kuandikwa acide acétylsalicylique, na dawa nyingine za mafua ama za kichwa zinaificha ndani ya mchanganyiko. Kwa homa ya mtoto ushauri wa kawaida ni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na hiyo nayo ikizidi inaharibu ini. Halafu kuna dawa za miti na lavema, ambazo kipimo chake hakijulikani na mtu yeyote. Muuguzi akiuliza "mmempa nini nyumbani?", si kwamba anataka kugombeza. Ingawa, kusema kweli, wako wanaouliza kwa ukali mpaka mama anaona afadhali kunyamaza, na hapo habari iliyokuwa ya lazima inapotea.

Sasa serumu. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilifundisha hivi: mtoto akiwa na mikono baridi, mapigo dhaifu, na damu inachelewa kurudi chini ya ukucha ukiubonyeza, mimina maji ya chumvi haraka kwenye mshipa. Maitland mwenyewe alikuwa upande wa wanaoamini. Katika utafiti mdogo uliotangazwa 2005, watoto wa malaria kali waliopewa albumini, yaani protini ya damu, walikufa wachache kuliko waliopewa maji ya chumvi. Kilichobaki kilionekana rahisi: kufanya utafiti mkubwa wa kuthibitisha.

Utafiti huo uliitwa FEAST. Ulianza 2009 katika lopitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, ambazo hazikuwa na mashine za kupumulia, sawa lopitali nyingi za huku. Waliingia watoto wenye homa kali, damu haizunguki vizuri, na wanapumua kwa shida ama fahamu zimepungua. Bahati nasibu ndiyo iliamua nani apewe maji ya chumvi haraka, nani albumini haraka, na nani aendelee na serumu ya polepole tu, ambayo ndiyo ilikuwa desturi ya lopitali hizo. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, hewa na damu kadiri ya hitaji.

Palikuwa na swali gumu la ruhusa. Mama ambaye mtoto wake anakata roho hawezi kukaa kusoma karatasi na kutia sahihi. Utaratibu ulikuwa hivi: pale ambapo hapakuwa na nafasi, mzazi anaelezwa kwa maneno machache na anakubali ama anakataa kwa mdomo, mtoto akiisha kutulia, ndipo maelezo kamili na sahihi. Wengine waliona utaratibu huo una walakini. Lakini kuendelea kumimina serumu miaka na miaka bila kujua matokeo yake kulikuwa pia jaribio, tena bila ruhusa ya mtu na bila mtu kuhesabu.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia hesabu ilishauri kusimamisha. Watoto 3141 walikuwa wameisha kuingia. Ndani ya masaa 48, waliopewa albumini haraka walikufa 10,6 kwa mia, waliopewa maji ya chumvi haraka 10,5 kwa mia, na wale wa serumu ya polepole 7,3 kwa mia. Yaani katika kila watoto 100, watatu zaidi walikufa kwa kupewa kile kilichodhaniwa kuwa msaada. Wenye malaria na wasio nayo, matokeo yalikuwa yaleyale.

Wanganga kadhaa wa inchi tajiri walisema hayo ni ya Afrika, mahali pasipo na mashine. Jibu hilo lilikuwa la haraka mno. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye maambukizo makali ya damu, ulikuta pia vifo vingi zaidi kwa waliopewa maji mengi mapema. Na mwaka 2019, Maitland na wenzake waliporudia kuchambua hesabu za FEAST, walikuta kwamba kumimina haraka kulizidisha asidi kwa ajili ya chumvi, kulipunguza wingi wa damu, na kudhoofisha kupumua na fahamu. Maji ya chumvi safi kabisa, bila kosa la kiwandani, lakini kwa kipimo na mwendo ule yakafanya kazi ya sumu. Tangu 2016 mwongozo wa OMS hauruhusu tena kumimina haraka kwa kila mtoto mwenye mikono baridi. Unataka alama zote za mshtuko ziwepo, na hata hapo kwa mwendo wa taratibu.

Tahadhari moja, ili mtu asitoke hapa na kukataza serumu. Watoto wenye kuhara, walioungua, waliojeruhiwa na wenye utapiamlo mkali hawakuwa ndani ya FEAST. Mtoto wa kipindupindu amepoteza maji kweli, na anayahitaji haraka. Uamuzi ni wa munganga, mzazi anaweza kuuliza, "serumu hii ni ya nini, na inaingia kwa muda gani?"

Maitland hakuishia hapo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wake mwingine, TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi juu ya watoto waliopungukiwa damu sana. Swali lilikuwa la kipimo tena: wapewe mililita 20 za damu kwa kila kilo, ama 30? Kwa jumla hapakuwa na tofauti ya vifo. Lakini walipotenganisha, watoto wasio na homa waliishi zaidi kwa 30, na wenye homa waliishi zaidi kwa 20. Mahali ambapo mfuko wa damu unatafutwa kwa ndugu na majirani usiku kucha, kipimajoto cha kuweka kwapani ndicho kinachosaidia kuamua kiasi gani kitumike.