Kioo Kiuacho Mng'ao: Lini Kitumike, Lini Kiachwe

Ndugu askari, picha nyingi ziletwazo mbele yetu zina kasoro moja: jua limekalia mahali palipostahili kukaa habari. Askari wa trafiki amepiga gari lililogongwa, lakini katika kioo cha mbele hauonekani usukani wala kiti, ila mawingu na miti ya ng'ambo ya barabara. Askari wa majini amepiga mtumbwi uliozama ufukoni mwa Ziwa Victoria, nasi twaona maji meupe kama bati jipya. Wengi hujitetea kwamba kompyuta itasahihisha. Kompyuta huongeza mwanga au huupunguza, lakini kilichofichwa na mng'ao hakikuingia katika kamera, nayo haina pa kukitoa. Dawa yake ni kichujio kifungwacho mbele ya lenzi, kiitwacho polaraiza.

Mwanga wa jua ni mawimbi yatikisikayo pande zote. Ukigonga maji, kioo au jani na kurudi, sehemu kubwa yake hutikisika upande mmoja tu. Jambo hilo aliligundua Mfaransa Étienne-Louis Malus mjini Paris mwaka 1808, alipotazama kwa kupitia jiwe la kalsaiti mwanga uliorudishwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Land aliomba hataza ya utando mwembamba ufanyao kazi hiyo, na ndipo njia ya vichujio vya bei nafuu ilipofunguka.

Matumizi yake si magumu. Tazama ndani ya kamera, zungusha pete ya kichujio polepole, usimame pale mng'ao unapokufa. Lakini usisimame ukikikabili kioo uso kwa uso, kwani hapo polaraiza haifui dafu. Sogea pembeni hata lenzi ielekee kwenye kioo au maji kwa mshazari wa nyuzi 35 hivi kutoka usawa wake. Mng'ao wa chuma kitupu, kama kromu ya bampa, hautii amri hii kabisa.

Hapa pana jambo zito kwa anayepiga picha ya ushahidi. Polaraiza haiongezi kitu, huondoa. Barabara iliyolowa mvua yaweza kuonekana kavu, na pengine ule utelezi ndio kiini cha ajali. Kwa maoni yetu, kila tukio lipigwe mara mbili, bila kichujio na kwa kichujio, kamera ikiwa pale pale, na jambo hilo liandikwe katika daftari. Wakili makini hatakosa kuliuliza.

Kwa upande wa anga, bluu hukolea zaidi nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Sisi ambao Ikweta hukatiza nchi yetu pale Kayabwe tuna hali yetu: asubuhi na jioni anga ya kaskazini, ya kusini na ya utosini ndiyo hutii, adhuhuri hutii ile iliyo chini, karibu na upeo. Lenzi pana itatoa anga yenye mabaka, upande mmoja mweusi na mwingine mweupe.

Usiku kivuliwe. Hula kama theluthi mbili ya mwanga, hata kasi ya 1/250 ya sekunde ishuke mpaka kama 1/80, na miguu ya gwaride itoke kama moshi. Kadhalika kivuliwe unapopiga kwa kupitia dirisha la gari, maana vioo vingi vya pembeni huonyesha madoa ya rangi. Mwenye kamera ijirekebishiayo fokasi aulize dukani aina ya sakula, si linia, ambayo yaweza kuupotosha mtambo.

Asiye na kamera ila simu ashike miwani ya jua ya polaraiza mbele ya lenzi, akiizungusha vivyo hivyo. Kuijaribu kabla ya kununua, itazamie skrini ya simu au ya kompyuta na kuigeuza: skrini nyingi zitaingia giza. Isipobadilika kitu, huenda ni miwani ya giza tu.