Upekee wa shimo jeusi: kitu, au kikomo cha hesabu?

upekee *nm* [u-] 1 hali ya kuwa peke yake au ya kutofanana na vingine. 2 (fizikia, hisabati) hali ambapo milinganyo hutoa thamani isiyo na kikomo, au hukoma kutoa jibu. Anayependelea kutohoa anaweza kuandika *singulariti*.

Ufafanuzi

Maana ya pili huwatatiza wafasiri, kwa kuwa aghalabu hufungamanishwa na *shimo jeusi* (wingi: *mashimo meusi*). Tuanze na *shimo*. Huko Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, pana mahali paitwapo Shimo la Mungu. Asimamaye pale haoni tundu lililochimbwa, bali mteremko mkali uelekeao bonde la Ruvuma. Shimo jeusi nalo si tundu: ni eneo ambamo graviti ni kubwa kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Mpaka wake huitwa *upeo wa matukio*. Kama ulivyo upeo wa macho, huo ni mpaka wa kuona, si ukuta.

Kwamba mashimo meusi yapo, ushahidi ni mwingi, na sehemu yake ilianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kupima eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni kitu kidogo mno kwa umbo, na baadaye wanafalaki wengi walikikubali kuwa shimo jeusi.

Upekee ni suala jingine. Mwaka 1916 Karl Schwarzschild alichapisha jibu la milinganyo ya Einstein, na jibu hilo likavunjika mahali pawili: mpakani na katikati. Mpakani, kosa lilikuwa la ramani tu. Mistari yote ya longitudo hukutana ncha ya kaskazini, lakini ardhi ya pale haina kasoro. Ukichora ramani nyingine, tatizo hutoweka. Katikati, kubadili ramani hakukusaidia.

Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwamba, kwa masharti fulani, nyota ikiporomoka kupita kiasi, baadhi ya njia za nuru lazima zikome ghafla. Wengi walisoma hapo kwamba maada hubanwa ikawa nukta yenye msongamano usio na kikomo. Uthibitisho wenyewe hausemi hivyo. Unasema njia zinakoma. Roy Kerr, ambaye mwaka 1963 alipata jibu la milinganyo kwa shimo jeusi linalozunguka, alishikilia tofauti hiyo katika makala ya Desemba 2023: kukoma kwa njia, alihoji, si ushahidi wa kuwapo kwa upekee. Wanafizikia wengi nao hudhani kwamba upekee ni dalili ya nadharia kufika mwisho wa uwezo wake, na kwamba nadharia inayounganisha graviti na kwanta, ambayo bado haijakamilika, itaweka kitu kingine mahali pake. Hakuna kipimo kitakachoamua kwa urahisi, maana kilicho ndani ya upeo hakileti habari nje.

Matumizi

Kitenzi ndicho kinachobeba ukweli wa sentensi. Linganisha:

*Epuka:* Katikati ya shimo jeusi kuna upekee.

*Andika:* Nadharia ya uhusianifu hutabiri upekee ndani ya shimo jeusi.

*Epuka:* Penrose aligundua upekee.

*Andika:* Penrose alithibitisha kwamba upekee hufuata kutokana na nadharia hiyo.

Sentensi ya kwanza humwambia mwanafunzi kwamba jambo limeonekana. Ya pili humwambia nani anadai, na kwa msingi gani. Katika kitabu cha shule, tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe.

Tazama pia: *graviti*, *shimo jeusi*, *uhusianifu*, *upeo*.