Ukuta wa Warumi, kondoo na kaburi la kijana wa Afrika

NEWCASTLE, Uingereza – Ndugu msomaji uliyeko ughaibuni, ukipata siku ya mapumziko kaskazini mwa Uingereza usiimalizie madukani. Nenda kautazame ukuta wa Kaisari Hadrian. Ulianza kujengwa mwaka 122, pwani hadi pwani, kiasi cha kilomita 117, uwe mpaka wa dola ya Warumi.

Mimi na familia yangu tulianzia South Shields, kwenye magofu ya Arbeia, ngome iliyolinda mlango wa mto Tyne. Ndani ya makumbusho yake mna jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor. Maandishi yanasema alikuwa Mmauri, yaani mtu wa Afrika ya Kaskazini, na alifariki akiwa na miaka 20. Aliwahi kuwa mtumwa wa Numerianus, askari wa farasi, kisha akaachwa huru. Askari huyo ndiye aliyemsindikiza kaburini.

Mchana tulipanda treni hadi Hexham, halafu basi namba AD122, namba inayokumbusha mwaka ule, hadi Housesteads. Ngome hii ipo juu ya kilima chenye upepo mkali. Misingi ya maghala na mabweni bado inaonekana, pamoja na vyoo vya pamoja vya askari vilivyosafishwa kwa maji ya mvua. Nje, ukuta unapanda na kushuka na vilima, na kondoo wanakula majani pande zote mbili bila kuulizwa pasipoti.

Kwa karne nyingi watu walibomoa mawe haya wakajengea mazizi, makanisa na barabara. Katika karne ya 19 mwanasheria John Clayton alianza kununua mashamba, moja baada ya jingine, ili kuokoa yaliyosalia. Mwaka 1987 UNESCO ikauingiza ukuta katika urithi wa dunia.

Walioulinda wengi walikuwa wageni. Housesteads walikaa Watungri kutoka upande wa Ubelgiji ya leo, na Burgh by Sands kikosi cha Wamauri katika karne ya 3. Hata Kaisari Septimius Severus, aliyeukarabati na kufia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya.

Kijana wetu, aliyezaliwa huku, akauliza: "Kwa nini waliandika alikotoka?" Swali hilo linatuhusu sisi tusioweza kurudi. Mwenzetu akifa tunachangishana ili maiti isafirishwe, na pesa zisipotosha anazikwa hapahapa. Nimeona makaburi ya wenzetu yenye kibao cha namba tu.

Victor naye hakurudishwa kwao. Lakini tunamjua jina, umri na asili kwa sababu mtu mmoja aligharamia jiwe. Jumuiya zetu zinapochangisha kwa ajili ya mazishi, zitenge na fungu la jiwe, liandikwe jina la marehemu na mji wa kwao.