UZI: "Tupige marufuku mitumba, tufufue viwanda." Tulifikaje hapa?

Kila msimu wa kampeni kuna mtu atapanda jukwaani aahidi hii. Mpinzani wake atajibu ati hiyo ni vita dhidi ya watu wa Gikomba. Wote hupigiwa makofi. Wacha nieleze kidogo, halafu mgombane mkiwa na habari.

Baada ya uhuru, Kenya ilijenga ukuta. Kuagiza bidhaa kutoka nje ulihitaji leseni, na hata dola za kulipia uliziomba Benki Kuu. Nyuma ya ukuta huo vilikua viwanda vya nguo Kisumu, Eldoret, Nakuru na Thika, na wakulima wa pamba wa kuvilisha. Babu yangu alikuwa mtu wa mashine katika kimoja cha Kisumu. Alisomesha watoto watano na mshahara huo.

Lakini tusiutukuze sana. Leseni zenyewe zilikuwa biashara: unajuana na mkubwa, unapata, hujuani, unangoja. Na mkulima wa pamba alikaa sana bila kulipwa.

Miaka ya 1980 mikopo ya Benki ya Dunia na IMF ilikuja na masharti. Novemba 1991 wafadhili wakasimamisha misaada mipya mpaka siasa na uchumi vibadilike. Tunakumbuka vyama vingi, tunasahau nusu ya pili: kufikia mwisho wa 1993 leseni nyingi za uagizaji zilikuwa zimeondolewa na shilingi imeachiwa soko. Ukuta wa miaka thelathini, ukaanguka kwa miaka miwili mitatu hivi.

Kiwanda cha babu kilifunga milango muongo huohuo. Kisha binti yake, yaani mama yangu, akaanza kuuza mitumba. Karo yangu ya chuo inatoka hapo. Kwa hivyo mkiniuliza niko upande gani, Krismasi pande zote mbili hukaa meza moja kwetu. Babu hushika shati la mama, akageuza mshono, akanyamaza.

Sasa kitu ambacho jukwaani hawasemi: kufunga si uamuzi wetu peke yetu. 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole. Wauzaji wa Marekani wakalalamika, na AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyokuwa ikiingiza nguo zetu kwao bila ushuru, ikageuka fimbo. Kenya ilirudi nyuma mapema. Rwanda ilikaza, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Sisi tulikuwa na mengi ya kupoteza. Athi River wanashona nguo za Marekani, japo kitambaa mara nyingi hutoka Asia, si pamba ya Busia. Hapo ndipo ahadi ya "kufufua" huwa nyepesi.

Ukikutana na mgombea mwenye ahadi hii, muulize: pamba itatoka wapi, stima ya kiwanda itakuwa bei gani, na mama atauza nini hiyo miaka kiwanda kinajengwa? Akijibu zote tatu mniite, nitakuja na babu.