Keki za matunda za Kijerumani: niliyofunzwa na khalati yangu

Mtaje Mswahili wa Mombasa au Lamu keki ya matunda, naye atafikiria ile keki nzito ya kahawia iliyojaa zabibu kavu, ya harusi na ya sikukuu. Hiyo ni keki ya Waingereza. Kwa Wajerumani mambo ni mengine. Keki yao ya matunda ni unga uliotandazwa kwenye treya, juu yake yakapangwa matunda yaliyoiva, yasiyokaushwa, kisha vyote vikaokwa pamoja. Huliwa alasiri na kahawa, saa tisa au saa kumi hivi, kama sisi tunavyokaa na chai na mahamri.

Haya nilifunzwa na khalati yangu, ambaye aliolewa Augsburg, kusini mwa Ujerumani. Yeye naye alifunzwa na mkwewe, bibi wa huko ambaye hakuwahi kuandika hata kipimo kimoja. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa Septemba, niliingia jikoni kwake siku ya pili na sikutoka.

Plamu kama makuti

Septemba ni msimu wa plamu, na Augsburg ina keki yake yenye sifa, iitwayo Zwetschgendatschi. Plamu yenyewe huitwa Zwetschge: ni ndogo, ndefu kidogo, ganda lake buluu iliyokoza, na nyama yake imekaza. Kokwa hutoka bila taabu, na tunda haliyeyuki kwenye moto.

Unga wake ni wa hamira, na mpishi wa mahamri hatauona mgeni. Ni nusu kilo ya unga wa ngano, robo lita ya maziwa ya vuguvugu, gramu 80 za siagi, gramu 80 za sukari, yai moja, hamira na chumvi kidogo. Unakandwa mpaka uwe laini, unafunikwa uumuke, kisha unasukumwa ukaenea treya nzima. Plamu hupasuliwa upande mmoja tu, zikatolewa kokwa na kufunguliwa kama kitabu. Hupangwa zikiwa zimesimama na kubanana, kila safu ikilalia ya mbele yake. Khalati aliniambia, "Ezeka kama makuti, mwanangu. Ukiacha nafasi, umeharibu."

Huokwa kwenye moto wa digrii 180 hadi 200 kwa muda wa dakika 30 hadi 40. Hapo ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza nilinyunyiza sukari juu ya plamu kabla ya kuoka, nikidhani nasaidia. Sukari huvuta maji ya tunda, maji yakashuka, na unga ukaloa ukawa kama uji. Sukari na mdalasini hutiwa keki ikishatoka motoni. Tena, kabla ya kupanga matunda, hunyunyizwa chenga za mkate mkavu au suji juu ya unga ili zinywe maji yatakayoshuka.

Moja, mbili, tatu

Unga wa pili hauna hamira, nao ndio wa keki nyingi za tufaha. Kipimo chake kila Mjerumani mpishi anakijua kwa kichwa: sukari moja, siagi mbili, unga tatu, kwa uzani. Yaani gramu 100, 200 na 300. Wengine huongeza yai.

Siri yake ni baridi. Siagi ikiwa ngumu hukaa ndani ya unga vipande vipande, na unga ukiokwa huvunjika mdomoni kama nankhatai. Ikiyeyuka mapema, au ukikanda sana, keki hutoka ngumu kama kigae. Kwa joto letu la Pwani hili si jambo dogo. Weka siagi kwenye friji mpaka dakika ya mwisho, changanya upesi kwa ncha za vidole, kisha rudisha donge lote kwenye friji nusu saa kabla ya kulisukuma.

Juu ya tufaha hutiwa chenga za siagi, ziitwazo Streusel. Chukua unga gramu 200, siagi 100 na sukari 100, usugue kwa vidole mpaka ziwe punje punje, umwage juu ya matunda. Chenga hizo huficha hata tufaha zilizokatwa ovyo.

Ramu na jelatini

Suala ambalo Mwislamu yeyote ataliuliza, khalati aliliuliza mwaka wake wa kwanza. Kuna keki ya Krismasi iitwayo Stollen, maarufu sana mji wa Dresden, ambayo zabibu zake kavu hulowekwa kwenye ramu. Na zile keki za matunda zenye utando unaong'aa juu, huenda utando huo ukawa na jelatini, ambayo Ulaya mara nyingi hutokana na nguruwe.

Mkwewe hakukasirika. Alimwaga ramu kando, akaloweka zabibu kwenye maji ya machungwa usiku kucha, na tangu mwaka ule Stollen ya nyumba ile haijapata kutiwa ramu tena. Kuhusu utando, upo ugandishaji unaotokana na mimea, lakini lazima usome pakiti.

Wapo wanaosema ukibadilisha kitu umeharibu asili. Stollen yenyewe inawajibu. Zamani ilikuwa mkate mkavu wa mfungo kabla ya Krismasi, wa unga, mafuta na maji, kwa kuwa Kanisa lilikataza siagi wakati huo. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII ndiye aliyewaruhusu watu wa Saksonia kutumia siagi. Kwa hivyo hiyo Stollen ya siagi tunayoiona leo nayo ilibadilishwa kwa ajili ya dini.

Nikirudi nyumbani

Hapa kwetu plamu hutoka bara, na tufaha nyingi ni za kuagizwa, bei zake si za kila siku. Nimejaribu matunda yetu. Embe lililoanza tu kuiva, lenye uchachu bado, hufaa mahali pa tufaha. Lililoiva sana huwa na maji mengi. Nanasi ni zuri sana, lakini likate vipande vyembamba, lichuje saa nzima, na zidisha suji chini yake. Iliki kidogo kwenye unga haidhuru, ingawa khalati alipoonja alicheka.

Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria nzito na makaa juu na chini hufanya kazi. Tofauti na keki zetu za kawaida, moto wa chini usiupunguze sana, kwa maana matunda yana maji na unga ulio chini yake unahitaji kuiva.

Nilimuuliza khalati alivyopata vipimo, ikiwa mkwewe hakuandika. Akaniambia alinunua mizani ndogo ya jikoni. Kila bibi yule alipochota unga kwa mkono na kutaka kuumwaga bakulini, khalati alimzuia, akaupima kwanza, akaandika kwenye daftari. Bibi alikuwa akinung'unika kwamba anacheleweshwa. Miaka mitatu baadaye alifariki, na leo watoto wake mwenyewe, Wajerumani hasa, humpigia simu khalati, mtu wa Mombasa, kumuuliza mama yao alitia siagi kiasi gani.

Nyanya yangu mimi alikuwa akipika mkate wa sinia ambao mtaa mzima waliujua. Alipima kwa kikombe kilichovunjika mkono na kwa kukisia. Amekwenda nao, Mungu amrehemu, na kila mmoja wetu anapojaribu hutoka mkate mwengine. Kama wewe nyanya yako yu hai na angali anapika kwa kukisia, mpelekee mizani wiki hii, na umvumilie akinung'unika.